Folda ya Mapishi

Simu ya msiba ilinikuta jikoni kwangu Dodoma nikimenya viazi. Mzee Nassoro wa Tabora amefariki alfajiri, anazikwa leo baada ya adhuhuri. Nikasema innalillahi, nikaweka simu kando, nikaendelea kumenya. Nyumbani tuko wanne tu, lakini nilimenya kikapu kizima, mpaka binti yangu akaja kuniuliza kama kuna harusi. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimepigwa na kitu. Kesho yake nikapanda basi, na siku ya hitma nilikuwa ua wa nyuma wa nyumba yake ya kizamani pale Gongoni, ile yenye kuta nene, pamoja na wanawake wenzangu waliokuwa wakikatakata vitunguu na kuosha masufuria. Kabula alikuwa pale. Alikaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele. Tulikuwa hatujaonana miaka tisa. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema, "Nyamizi, umenenepa," nami nikamwambia na yeye hajambo. Akacheka kidogo kwa pua, akavuta miguu nipite. Ndivyo tunavyosalimiana mimi na Kabula tangu mwaka ule. Tunaulizana watoto, tunaulizana mvua, kisha kila mmoja anatafuta kazi ya mikono.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, yeye ishirini na mmoja, na wote wawili tulikuwa wachapaji katika steshenari ya Mzee Nassoro nyuma ya soko kuu. Kilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao mzito, kompyuta tatu, mashine ya kutoa kopi iliyokohoa kutwa, na harufu ya kahawa ambayo Mzee mwenyewe aliichemsha kwenye kona. Kompyuta moja tu ndiyo iliyokuwa na intaneti. Siku hizo nani alikuwa na barua pepe yake? Anwani ya duka ndiyo ilikuwa anwani ya nusu ya mji: walimu, wafanyabiashara, vijana wanaotafuta vyuo, wote waliandika ile ile. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuifungua kila asubuhi, kuchapisha kilichoingia na kumwita mwenyewe. Nilijiona mtu mkubwa. Nikipita sokoni watu wananiamkia kwa matumaini, eti dada, hakijaingia kitu changu?

Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Ng'ambo, mimi na Kabula. Kitanda kimoja, jiko moja la mkaa, masufuria mawili, na pazia la kanga. Kwao Usoke walilima tumbaku, na kila alipokwenda kusalimia alirudi na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, tukavichemsha na karanga zilizotwangwa na kula asubuhi kabla ya kazi. Mpaka leo nikinusa karanga zinachemka nasikia sauti yake ikilalamika kuhusu unyevu wa kuni za kwao. Tulikuwa tumeomba chuo cha uuguzi Mwanza, wote wawili, siku moja, kwenye kompyuta moja, yeye ananisomea na mimi naandika. Tukaapizana: tunakwenda wote au hatuendi. Maneno ya wasichana hayo. Lakini mimi niliyashika kama mkataba.

Ijumaa moja barua ikaingia. Ilikuwa ya Kabula. Amechaguliwa, aripoti na vitu fulani na fulani, shuka mbili, ndoo, viatu vyeusi. Sikuendelea kuisoma, nikatafuta yangu. Nikafungua na kufunga barua pepe ya duka siku nzima kama mtu anayechungulia sisimizi kwenye kopo la sukari, nikingoja na ya kwangu ifuate. Haikufuata, wala haikufuata siku ya pili. Nisizungushe maneno: nilimwonea wivu. Wivu ule wa kukufanya usimeze chakula. Nikatengeneza folda, nikaiita "mapishi", nikaitumbukiza barua humo, nikatia tiki kwenye kile kiboksi cha kuficha, folda ikapotea machoni. Kisha nikaifuta barua pepe yenyewe. Barua yenyewe sikuiharibu, na hilo ndilo nililojipongezea. Nitampa Jumatatu, nilijiambia. Jumatatu ikaja na ikapita. Asubuhi tunakula michembe bakuli moja, ananiuliza, hamna kitu kutoka Mwanza? Namjibu bado, wenzetu wale hawana haraka. Nami nachovya kijiko changu ndani ya bakuli lile lile.

Wala msidhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na folda ya kificho. Kompyuta zilikuwa za wote, hakuna aliyekuwa na mahali pake, basi kila mtu alitia tiki yake na kuamini kwamba amefunga kwa kufuli. Tulifundishana wenyewe kwa wenyewe. Lililofichwa limefichwa. Hata Mzee nilimfundisha mimi mwenyewe, bila kumuuliza anaficha nini.

Kilichotuumbua ni virusi vya flashi. Nani aliyefanya kazi ya steshenari miaka ile asiyevikumbuka? Mteja anakuja na flashi yake shingoni, unaichomeka, mafolda yote yamegeuka vijishale, ukibonyeza hakuna kitu. Mwalimu mmoja alilia mbele yetu kwa sababu ya mtihani wa kidato cha nne alioutunga wiki tatu. Kila mwisho wa mwezi ilibidi fundi aje "apige window", aweke mfumo wa kompyuta upya, na kila akipiga window kuna kazi za watu zinapotea. Fundi wetu alikuwa Maige, kijana wa Urambo, mpole, aliyekuwa akituamkia "mwangaluka", salamu ya asubuhi, hata saa sita mchana. Siku moja akamwambia Mzee aachane na haya mateso, kuna mfumo mwingine unaitwa Linux, virusi hivi haviuwezi, na ni wa bure. Mzee akaweka kikombe chini. Hakuamini kitu cha bure. Akauliza ni wa nani. Maige akasema ni wa watu wote. Mzee akasema katika maisha yake hajaona kitu cha watu wote kikafanya kazi, lakini alikuwa amechoka kuomba radhi kwa wateja, akakubali ianze kompyuta moja, ile ya intaneti.

Jumatatu mchana, mimi na Kabula tulipokwenda kula, Maige akaiweka. Tuliporudi, kioo kilikuwa na rangi nyingine, vitu vimehama, na pembeni pana picha ya ndege mnene mweusi na mweupe ambaye wateja walimwita bata mpaka mwisho. Mafaili yetu ya zamani, Maige alisema, yako salama kwenye sehemu yao ya diski, hajayagusa, atayafungua Jumatano mbele yetu sote ili kila mtu achukue yake. Mimi sikushtuka. Sikujua hata njia ya kufika huko kwenye diski, na nilikuwa na kufuli langu la tiki.

Jumanne saa mbili asubuhi, kabla hata hatujafungua mlango wa mbele, Mzee Nassoro aliniita kwenye kona yake ya kahawa. Sasa, yule mzee alikuwa na kisa kimoja alichokipenda, sote tulikijua kwa moyo. Babu wa babu yake aliongoza misafara kutoka pwani, na misafara ilipofika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kabla ya kupumzika, mizigo ilikaguliwa. Kwao ilikuwa desturi, alisema, kiongozi hafungui mzigo wa mpagazi. Anampa usiku mmoja. Kesho yake mpagazi anafungua mwenyewe, na kama kuna kitu si chake anakitoa kwa mkono wake mwenyewe, na hapo hapana mwizi, pana mtu tu. Asubuhi ile alinisimulia tena kisa hicho, nami nikaguna inavyopasa, huku nikiwaza karatasi za kopi zimekwisha. Kisha akaniuliza, "Nyamizi mwanangu, kesho tunafungua mafaili ya zamani. Una kitu chako humo ungependa kukitoa mwenyewe kwanza?"

"Sina, Mzee," nikasema.

Mchana akaniita tena. Akanipa kipande cha halua kwenye kisahani, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho siku za kazi, akaniuliza kama sina kabisa. Nikamwambia sina kabisa. Nikala halua yake nikaenda zangu.

Jumatano tulifungua saa tisa alasiri, wateja walipopungua. Maige alikaa kwenye kiti, Kabula upande wake, mimi nyuma, Mzee amesimama na kikombe. Diski ya zamani ikafunguka. Mama yangu! Kila kitu kilikuwa nje. Ile Linux haikujua tiki zetu wala haikuwa na habari nazo. Kila tulichoficha kwa miaka mitatu kilikuwa kimepangwa pale kwa herufi, peupe, kama nguo kwenye kamba. Ya kwanza kuonekana ilikuwa folda ya Mzee, na ndani yake mashairi, mengi, yote kwa marehemu mkewe. Kabula akasoma ubeti mmoja kwa sauti kabla hajajua ni nini, akajifunika mdomo. Mzee akasema tu, "Endelea." Ikafuata ya Kabula mwenyewe, picha zake za kujipiga amevaa miwani ya jua ya mteja aliyeisahau dukani. Tukacheka mpaka Maige akafuta machozi. Mimi nilikuwa nacheka nao, macho kwenye orodha. Nilikuwa nimeshaiona folda yangu. Ilikuwa mstari wa nne.

"Mapishi?" Kabula akageuka kunitazama, bado anacheka. "Wewe na mapishi tangu lini? Hata wali unakushinda." Akachukua mausi mkononi mwa Maige, akabonyeza.

Alianza kusoma kwa sauti ya mzaha. Alipofika kwenye jina lake sauti ikapungua, lakini hakuacha kusoma, nadhani hakuweza. Shuka mbili. Ndoo. Viatu vyeusi. Mwisho wa kuripoti ni Jumatano ya tarehe fulani, saa kumi alasiri, atakayechelewa nafasi yake atapewa mwingine.

"Jumatano ipi?" akauliza.

Akaangalia tarehe pembeni mwa kioo, akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

"Ya leo," Maige akasema, taratibu.

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata ishirini. Nilingoja Kabula anipige. Ningeshukuru angenipiga. Alinigeukia, na usoni mwake hamkuwa na hasira bado, mlikuwa na mshangao tu, mshangao wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Nimeona wagonjwa, nimeona misiba, nimezaa watoto wawili, sijauona tena uso ule na sitaki kuuona. Nikageuka nimtazame Mzee, nikidhani atanifukuza. Mzee Nassoro alikuwa amekaa chini sakafuni. Kikombe kimemwagikia kanzu yake, naye anaiangalia ile saa ya ukutani. Nilidhani ni utu uzima.

Alfajiri ya kesho yake Mzee alifunga duka akamsindikiza Kabula Mwanza, yeye mwenyewe, na kanzu yake na bakora, kwenda kumwombea nafasi yake. Walirudi Jumamosi. Nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Wakamwambia aombe tena mwaka ujao. Mwaka mzima wa mtoto wa watu, nimeula mimi. Kabula alikuja Ng'ambo kuchukua nguo zake nikiwa kazini, akahamia kwa dada yake Mzee. Michembe aliiacha. Ilikaa pale mfukoni mpaka ikaingiwa na wadudu, sikuweza kuila wala kuitupa.

Nikaenda kwa Mzee kuaga. Akasema, "Sikufukuzi. Ukiondoka utasahau. Kaa." Na akatuweka meza moja, kwenye ile kompyuta ya Linux, viti viwili bega kwa bega, tuijifunze wote ili tuwafundishe wateja. Nilidhani ni ukatili, na sijui mpaka leo kama haukuwa. Mfumo ule una tabia moja: kila ukitaka kubadilisha kitu cha maana, kuongeza programu, kuunganisha printa, unakuuliza neno la siri. Mzee alimpa Kabula peke yake alichague. Basi mwaka mzima, kila nilipokwama, nilikuwa namwambia, neno la siri, naye anainama juu ya kibodi yangu, anaifunika kwa mkono wa kushoto, anaandika kwa wa kulia, anarudi kwenye kazi yake. Nilikuwa nasikia harufu ya mafuta yake ya nazi. Hakuniambia neno lolote lisilo la kazi. Printa ilikaa wiki nzima haitaki kuongea na kompyuta. Tukaisumbukia pamoja, kimya, na ilipotoa karatasi ya kwanza tulitazamana kwa furaha kisha tukakumbuka. Wateja walirudi wakilalama kwamba kazi zao hazifunguki kwingine, tukajifunza kuzihifadhi kwa namna inayofunguka. Majedwali ya mitihani yalihama kurasa, tukajifunza kuyafunga. Kufika mvua za masika kompyuta zote tatu zilikuwa Linux, flashi za mji mzima zinaletwa kwetu, na vile vijishale vya virusi vilikuwa haviwezi kitu tena: unachomeka, mafaili ya watu yako pale pale, yalikuwa yamefichwa tu. Watu walitubariki. Yule mwalimu wa mtihani alituletea asali chupa nzima. Na kila mteja aliponishika mkono akisema Mungu akupe, dada, umeniokolea kazi yangu, Kabula alikuwa amekaa pale pale, bega kwa bega, anasikia.

Barua yake ya pili iliingia asubuhi moja kabla hajafika. Nilibonyeza kuchapisha kabla sijamaliza kuisoma, nikatoka nayo mbio mpaka kwa dada yake Mzee, karatasi ingali na joto la printa. Alikuwa anafagia. Akaisoma yote amesimama na ufagio kwapani. "Asante," akasema. Siku aliyoondoka aliniachia kikaratasi mezani, neno la siri, nitalihitaji. Alikuwa ameliandika kwa herufi ndogo: jumatano.

Nililitumia miaka miwili, mpaka nilipoolewa nikahama. Sikulibadilisha.

Haya ndiyo niliyokuja nayo msibani, na nilidhani ndiyo yote. Kisha wanaume walipomaliza kusoma hitma, Maige akaniita getini. Ana upara sasa na duka lake la kompyuta. Tukapeana pole. Akasema Mzee alimwachia neno la kuniambia yeye akishaondoka duniani, na amelibeba miaka mingi, limemchosha. Jumatatu ile alipoweka Linux, tulipokuwa tumekwenda kula, alifungua diski ya zamani kuhakikisha, na Mzee amesimama nyuma yake. Waliona yote. Waliona mashairi, waliona miwani ya jua, wakafungua mapishi. Mzee alisoma jina la Kabula juu ya barua, akamwambia afunge hapo hapo, mwenye mzigo aufungue mwenyewe, tumpe usiku mmoja. Hakuifikia tarehe. Hakujua kuna tarehe. Aliijua Jumatano saa tisa na dakika kumi, pamoja na sisi.

"Alisema nikuambie hivi," Maige akasema. "Jumatano ile haikuwa yako peke yako. Na yeye alikuwemo."

Nilishika nondo za geti. Miaka yote nimejihukumu kwa wivu, kwa zile siku kumi na tisa, nikazipima, nikazitubia, nikadhani nimezimaliza. Kumbe siku kumi na nane zilikuwa bado zinatengenezeka! Kumbe mtu alikuwa amesimama mbele yangu na kahawa yake, ameshaona, ananishikia mlango, ananiuliza mara ya kwanza, ananiuliza mara ya pili, ananipa na halua. Nami nikasema sina. Na yule mzee akaniamini kwamba nitasema kesho, na imani hiyo ikamgharimu Kabula mwaka mmoja, ikamgharimu yeye usingizi mpaka kaburini. Nilimuuliza Maige kama Kabula anajua. Akasema hapana. Mzee alisema hilo si la fundi.

Nikarudi ua wa nyuma. Kabula alikuwa bado na ungo wake. Nikakaa chini karibu na kigoda, nikachota mchele kwenye kiganja nianze kuchambua, nikaurudisha. Nikamwambia. Jumanne, saa mbili asubuhi, Mzee aliniuliza kama nina kitu cha kutoa. Alikuwa ameshaiona barua, hakujua siku zake, alikuwa ananingoja mimi. Aliniuliza mara mbili. Nikasema sina.

Vidole vyake vikasimama juu ya mchele. Nyuma yetu mtu alikuwa anaita maji ya kunawa, na mwingine anamjibu yapo kwenye ndoo ya bluu. Kabula alitazama ukuta wa nyumba ya Mzee.

"Jumanne," akasema, "kulikuwa na basi la Mwanza, la saa nne."

Akaokota kijiwe, akakitupa, akaendelea kuchambua.